Mkwe Hali Chapati: Likizo ya Familia Bila Ngano Wala Maziwa

Ukitaka kujua kama mkwe amependwa ukweni, usitazame zawadi, tazama sahani yake. Kwetu Tanga mkwe akiingia, kuku anachinjwa, chapati zinasukumwa tangu alfajiri na samli inatolewa kabatini. Mgeni anakula, na mpishi anakaa pembeni akihesabu zimeliwa ngapi. Sasa fikiria mkwe huyo ni mume wako, na chapati moja tu inatosha kumlaza kitandani siku mbili.

Hiyo ndiyo hali ya nyumba yetu. Mume wangu hali ngano na hanywi maziwa. Si kwamba anaringa, wala hapunguzi kitambi (anacho, kidogo, na anakitunza). Ana ugonjwa wa siliaki. Likizo ya Juni tulikwenda na watoto kwa mama yangu Tanga wiki nzima, na tuliporudi kazini kila mtu alikuwa na swali moja: sasa bwana alikuwa anakula nini?

Tumbo linalojipiga lenyewe

Kwa lugha nyepesi, ndani ya ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai kuna protini inayoitwa gluteni. Ndiyo inayofanya unga ushikane ukivutwa. Kwa mwenye siliaki, gluteni ikifika utumbo mwembamba, kinga ya mwili inafanya kosa: inaushambulia utumbo wenyewe. Vile vinyweleo vidogo vya kufyonza chakula vinalala, na mtu anakula lakini mwili haupati. Matokeo yake ni kuharisha, tumbo kujaa, uchovu usioisha, na damu kupungua. Ukiachwa miaka, mifupa inadhoofika na mambo mengine makubwa zaidi yanaweza kufuata.

Mume wangu alitibiwa amiba, akatibiwa taifodi, akatibiwa vidonda vya tumbo. Alimeza vidonge vya kuongeza damu mpaka tukawa tunavinunua kama pipi. Kilichotoa jibu ni kipimo cha damu cha kingamwili, kisha mpira wenye kamera ukashushwa tumboni na kipande kidogo cha utumbo kikapimwa. Tafadhali, kama unajishuku, usiache ngano kabla ya kupimwa. Ukiacha mapema vipimo vinaweza kutoka safi, na ugonjwa uko pale pale. Dawa hakuna. Kuna kuacha gluteni maisha yote, na utumbo unapona.

Maziwa yaliingia kwa mlango wa nyuma. Utumbo ulioumia hautoi vya kutosha kile kimeng'enya cha kumeng'enya laktosi, yaani sukari ya maziwa. Wengine wakipona maziwa wanayarudia. Wa kwangu hajayaweza hadi leo.

"Huo ni ugonjwa wa wazungu"

Hili nimelisikia mpaka nimechoka, kwa hiyo nilijibu mara moja humu halafu tuendelee na likizo. Ni kweli aliyeitambua ngano kuwa ndiyo adui ni Mholanzi, daktari wa watoto Willem Dicke. Majira ya baridi ya 1944 na 1945 Uholanzi ilikuwa na njaa ya vita, mkate ukaadimika, na watoto wenye siliaki wakapata nafuu. Mkate uliporudi, ugonjwa nao ukarudi. Lakini utafiti uliochapishwa 1999 ulikuta kiwango kikubwa kuliko kawaida kwa Waafrika wenzetu, watoto wa Kisaharawi wa Sahara Magharibi: zaidi ya watano katika kila mia. Duniani kwa jumla inakadiriwa ni kama mmoja katika mia.

Na maziwa ndiyo kabisa. Watu wazima wengi duniani hayawakubali tumboni. Wanaoyamudu ni wale ambao mababu zao walifuga kwa vizazi vingi. Mwaka 2007 watafiti wakiongozwa na Sarah Tishkoff walitoa matokeo ya kuwapima watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, wakaonyesha kuwa wafugaji wa huku kwetu wana mabadiliko yao wenyewe ya vinasaba yanayowawezesha kunywa maziwa ukubwani, tofauti na yale ya Wazungu. Kwa hiyo shemeji yako akikataa chai ya maziwa, usimwite mshamba.

Simu kwa mama

Kabla ya harusi ya mdogo wangu mwaka uliopita tulishakubaliana kwamba mume wangu atakula wali na samaki basi. Mama akamletea chapati kwa mikono yake. Akala tatu. Usiku ule niliupitisha mlangoni mwa choo nikimshikia taa, na asubuhi tuligombana, si kidogo. "Sitaki mama yako anione nadeka," aliniambia. Mimi nikamwambia nahitaji mume mwenye utumbo.

Safari hii tukapangana upya: kwa ndugu zangu naongea mimi, kwa ndugu zake anaongea yeye. Wenzangu, hili lina maana. Mkwe akisema "sili" inasikika kama dharau. Binti wa nyumba akisema "mume wangu hawezi" inasikika kama taarifa.

Wiki mbili kabla nikampigia mama. Sikumwambia gluteni. Nilimwambia hivi: ngano inamchana tumbo, hata iliyopikwa, hata kidogo.

"Hata kidogo?"

"Hata makombo, mama."

Kimya. Kisha, "Sasa nyie mnaniletea mtu nimpe nini?"

Nikamuuliza jana kapika nini. Akasema wali wa nazi, kisamvu na dagaa. Nikamwambia basi ndicho hicho. Naona hakuamini, maana alipiga tena jioni kuuliza kama mchele una ngano.

Njiani

Barabara ndiyo mtihani, kuliko hata ukweni. Kutoka Dar mpaka Tanga ni kama kilometa 350, na kila basi linaposimama kinachonukia ni sambusa, mandazi na chipsi. Chipsi ni viazi, sawa, lakini zinachovywa kwenye mafuta yale yale ya sambusa, na moto hauiui gluteni. Tulibeba kapu letu: mayai ya kuchemsha, viazi vitamu, ndizi, karanga. Muheza tukaongeza machungwa. Watoto walinung'unika kuhusu soda mpaka Segera, kisha wakalala.

Jikoni kwa mama

Hapa ndipo nilipofurahi. Ukikaa na kulitazama jiko la pwani, karibu lote liko upande wetu. Wazungu wenye tatizo hili hununua mikate ya bei mbaya iliyoandikwa haina gluteni, sisi tuna mchele, muhogo, mahindi, mtama, ulezi, viazi na ndizi. Na maziwa? Kiswahili chenyewe kimeshamaliza kazi: tui ni tui, maziwa ni maziwa. Samaki wa kupaka, pweza wa nazi, mseto wa choroko, muhogo wa nazi, mchicha, makande ya nazi, vyote hivyo havijaona ng'ombe. Asubuhi mama alipika chila na mkate wa kumimina, vyote vya mchele na nazi. Mume wangu alikula mkate ule akafumba macho. Ilikuwa miaka miwili hajashika kitu kinachoitwa mkate.

Ila mitego ipo, na imejificha palepale penye utamu. Vitumbua ni vya mchele, lakini wauzaji wengine huongeza unga wa ngano ili vishikane. Urojo mara nyingi hupata uzito wake kwa unga wa ngano. Bagia za dengu hazina neno, mpaka uulize karai limekaanga nini kabla yake. Biriani nyama yake hulala kwenye mtindi. Tambi na kaimati usiulize. Unga wa lishe unaweza kuwa umechanganywa na ngano au shayiri, na hata unga wa mtama halali unaweza kusagwa kwenye mashine iliyotoka kusaga ngano ya mtu. Soseji, sosi ya soya na viungo vya mchuzi vya pakiti, soma maandishi. Vile vinywaji vya kimea ambavyo havina kilevi vina shayiri. Na Tanga ni mji wa maziwa, kiwanda cha Tanga Fresh kiko hapo hapo, kwa hiyo kila nyumba utakayosalimia utawekewa glasi ya mtindi kabla hujakaa vizuri.

Mama alikuja na sheria zake mwenyewe. Alinunua kikaango kipya na mwiko mpya, akavifunga kanga nyekundu kwenye mpini, akatangaza kwamba atakayevigusa na unga wa ngano hatapikiwa tena nyumba hiyo. Chapati za watoto zilisukumwa uani, mbali na jiko. Chakula cha mkwe kilipikwa kwanza, mafuta yakiwa mapya, kisha ndipo cha wengine. Mimi mwenyewe huko Dar siko mkali hivyo.

Siku ya wageni

Jumamosi ndugu walikuja kumwona mkwe. Mume wangu ni Mpare, kwa hiyo utani ulianza mlangoni: eti kazua ugonjwa ili asinunue unga. Akacheka nao. Kisha shangazi yangu akaingia na sufuria la bokoboko.

Kama hujui bokoboko, ni ngano na nyama vinavyopikwa na kupondwa saa nyingi mpaka vinakuwa kitu kimoja, juu inamwagwa samli. Yaani adui wote wawili, sahani moja. Shangazi alianza kulipika tangu usiku. Akapakua, akaiweka mbele ya mume wangu. "Mkwe, hili nimekupikia wewe."

Niliuona mkono wake ukitoka pajani. Moyo wangu ulikwenda mbio, maana niliujua mkono ule, ndio uliokula chapati tatu. Sikuwahi kufungua mdomo.

"Wifi," mama alisema kutoka mlango wa jikoni, "huyo ngano inamchana tumbo. Mpe pweza."

Sebule ikanyamaza. Shangazi akamtazama mama, akamtazama mkwe. "Kwa hiyo mimi nimempikia mtoto wa watu sumu?"

Kwa makubaliano yetu, hapo zamu ilikuwa yangu. Lakini mume wangu alitangulia. Aliinuka, akaenda kukaa mkekani karibu na shangazi, akamweleza mwenyewe: miaka ya vidonge, damu kupungua, ule usiku wa harusi. Alisema mbele ya watu wote, mtu ambaye hata mimi nilikuwa namvuta maneno. Halafu akamwambia, "Shangazi, hilo siliwezi. Naomba unipakulie wewe wali, kwa mkono wako."

Shangazi akapakua. Alipakua mlima, kama anamkomoa, akaupanga pweza juu, akakaa pale pale mpaka ulipoisha. Bokoboko tulilila sisi wengine, na naomba niseme ukweli, lilikuwa tamu sana. Sijui kama shangazi ameridhika moja kwa moja. Wakati wa kuondoka alimuuliza mama, kwa sauti ya kusikika, kama na maji yanamdhuru.

Usiku ule mume wangu alilala usingizi wa mtoto. Mimi ndiye niliyekaa macho, nikisikiliza kama atainuka. Hakuinuka.

Pangani, na namna ya kumuuliza mpishi

Siku mbili za mwisho tulijitoa wenyewe na watoto, tukashuka Pangani mpaka ufukwe wa Ushongo. Tulipanda mashua kwenda Maziwe, kisiwa cha mchanga ambacho maji yakijaa kinafunikwa. (Jina hilo lilimpa mume wangu utani wa siku nzima. Nawaepusha.)

Hotelini mbinu ni moja. Usimuulize mhudumu kama chakula kina gluteni. Atakujibu "hapana" kwa adabu, maana hajui ni nini na hataki kukukatisha tamaa. Uliza maswali ya jikoni: Samaki mmempaka unga kabla ya kumkaanga? Mafuta haya yamekaanga nini kingine? Mchuzi mmeufanya mzito kwa kitu gani? Wali mmeweka siagi? Bora zaidi, omba kuongea na mpishi mwenyewe, na uende kabla ya saa ya msongamano. Yule wa Ushongo alifikiri kidogo, akasema samaki wote wanapitishwa kwenye unga, ila akitaka anaweza kumchoma changu mzima kwenye jani la mgomba, kwa ndimu na chumvi. Watoto walipoona sahani ya baba yao walizikataa za kwao.

Desemba ni zamu ya Upareni. Makande yapo ya kumwaga, hilo halinitishi. Lakini kule kwao chai bila maziwa ni chai ya msiba, na bibi yake ana ng'ombe wawili anaowaita kwa majina. Huko msemaji si mimi. Nimeshamwambia apige simu mapema, na kila Jumapili namuuliza kama ameshapiga.