Nembo Ngozini, Mbawa Kifuani

Rubani wa ndege ya kivita akishafunga mkanda, ngozi yake haionekani. Ovaroli imemfunika kutoka shingoni hadi vifundoni, glavu zimemeza vidole, helmeti imeficha kichwa, na barakoa ya oksijeni imeziba pua na mdomo. Hata angekuwa amechorwa simba mgongo mzima na waridi kwenye kila kiwiko, nani angejua? Hata hivyo wapo vijana wenye macho makali, moyo mzima na alama nzuri za hesabu ambao safari yao ya urubani imekatika kabla hawajaigusa ndege, kwa sababu ya wino tu.

Wengi hudhani kikwazo hicho kimewekwa na walimu wa urubani. Sivyo. Katika Jeshi la Anga la Marekani, rubani ni afisa kwanza, na uafisa una mlango wake. Kijana huupitia katika chuo cha jeshi hilo kilichoko Colorado, katika mafunzo ya kijeshi yanayotolewa vyuo vikuu, au katika kozi ya maafisa kwa waliokwisha kupata shahada. Kanuni ya tatuu imeandikwa kwenye mwongozo wa mavazi na mwonekano, ule ule unaosema nywele ziwe na urefu gani, na inamhusu fundi wa magari sawa na mrusha ndege. Baadaye, katika kambi ya Wright-Patterson huko Ohio, madaktari hupima macho, moyo na hata urefu wa mwili wa anayetaka kurusha. Lakini kufikia hapo mchoro umekwisha kuhukumiwa kitambo.

Hukumu yenyewe huanzia kwenye maana. Mchoro wa ubaguzi wa rangi, wa genge la wahalifu au wa matusi haukubaliki popote mwilini, hata ukiwa umefichwa chini ya fulana. Baada ya maana hutazamwa mahali: uso, midomo, ulimi, macho na ngozi ya kichwa ni maeneo ya mwiko. Mwisho hutolewa rula.

Rula hiyo imekuwa na visa vyake. Kwa miaka mingi Jeshi la Anga la Marekani lilikataa tatuu inayofunika zaidi ya asilimia 25 ya sehemu ya mwili inayoonekana mtu akiwa amevaa sare. Maafisa wa usajili walilazimika kukadiria robo ya mkono ni kiasi gani, na mwenye mkono mwembamba akajikuta na nafasi ndogo kuliko mwenzake mwenye misuli. Jeshi lenyewe lilipochunguza, liligundua kuwa karibu nusu ya waliofika kuulizia au kuomba nafasi walikuwa na tatuu, na kati ya hao mmoja katika kila watano alikuwa na mchoro uliohitaji kujadiliwa au ungeweza kumwondoa. Sababu iliyoongoza ilikuwa hiyo hiyo robo. Januari 2017 ikatangazwa kuwa imefutwa kwa kifua, mgongo, mikono na miguu. Viganja vilibaki na masharti makali: mchoro mmoja tu wa pete, kwenye kidole kimoja.

Machi 2023 mlango ukapanuliwa tena. Tatuu za viganjani zikaruhusiwa, na shingoni ikaruhusiwa moja isiyozidi inchi moja, mradi iwe nyuma ya mstari unaoteremka kutoka tundu la sikio. Mwaka huo huo jeshi hilo lilishindwa kufikisha idadi ya askari wapya liliyoihitaji, jambo ambalo halikuwa limelipata tangu 1999. Wenzao nao walilegeza. Kikosi cha Marine, chenye marubani wake pia, kilipiga marufuku mwaka 2007 michoro inayofunika mkono mzima kama shati la mikono mirefu; mwaka 2021 kikaikubali. Kwa hiyo mkono ule ule, wenye joka lile lile, ungeweza kukataliwa kwa kaka mtu na kupokelewa kwa mdogo wake.

India imeshika njia nyingine. Jeshi lake la Anga haliulizi asilimia, linauliza upande. Tatuu ya kudumu inaruhusiwa ndani ya mkono, kuanzia kwenye kiwiko hadi kifundo cha mkono, na juu ya kiganja upande wa nyuma. Kwingineko hairuhusiwi, na neno la mwisho ni la kituo cha usaili. Kijana anayeota kufika Dundigal, karibu na Hyderabad, kwenye chuo cha maafisa wa jeshi hilo, anaweza kufaulu mtihani wa kuingia na kipimo cha vipaji vya urubani, kisha akakwama kwa jina la mama yake lililochorwa begani.

Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Delhi ilisikiliza shauri la namna hiyo. Mlalamikaji aliomba kazi ya askari wa kawaida wa anga, si urubani, lakini kanuni ni ile ile. Nafasi yake ilikuwa imefutwa kwa sababu ya tatuu iliyokuwa sehemu ya juu ya mkono, upande wa nje. Mahakama ikaliunga mkono jeshi.

Kanuni hiyo ya India ina mlango mmoja wa pembeni. Waombaji wa makabila ya asili wanaweza kukubaliwa na alama za mila zao, kila mmoja akiangaliwa kivyake. Ni nchi ambayo wapiganaji wa Konyak huko Nagaland walichorwa usoni, na wanawake wa Apatani huko Arunachal Pradesh pia. Msomaji aliyewaona wazee wa Kimakonde, wenye nembo zilizochanjwa usoni na kutiwa mkaa, ataelewa kwa nini rula peke yake haitoshi. Alama hizo hazikuchaguliwa dukani Jumamosi jioni.

Na anayetaka kufuta? Mwanga wa leza huvunja wino vipande vidogo, mwili ukaviondoa taratibu. Weusi hutoka kwa urahisi zaidi. Kijani na njano ni wabishi. Kwenye ngozi nyeusi kuna hatari ya kupoteza rangi au kuota makovu yaliyovimba, na katika vipimo vya jeshi la Marekani kovu linalozuia sare au vifaa kukaa sawasawa mwilini ni sababu ya kukataliwa. Mtu anaweza kuikimbia kanuni ya mavazi akaangukia mikononi mwa daktari.

Kisha kuna kalenda. Kwa kawaida wiki sita hadi nane hupita kati ya kikao kimoja cha leza na kingine, na vikao vinaweza kufika kumi. Mtihani wa kuingilia urubani wa Jeshi la Anga la India unapokea vijana wa miaka 20 hadi 24. Anayeanza kufuta bega lake akiwa na miaka 23 anaweza kutimiza 24 wino haujaisha.