Siku moja Sisibo: Jinsi msafiri wa peke yake anavyoweza kuisoma historia ya Eldoret

ELDORET ilipopandishwa hadhi na kuwa jiji la tano la Kenya mnamo Agosti 15, 2024, mazungumzo mengi yalihusu barabara, masoko na bajeti. Swali moja halikusikika sana, nalo ni lile ambalo msafiri huuliza afikapo katika jiji lolote: hapa pana historia gani ya kutazama?

Anayetembea Roma au Lisbon hahitaji kuuliza sana. Vibao vilivyobandikwa kutani humweleza ni nani alijenga, lini na kwa sababu gani. Eldoret nayo ilianzishwa na Wazungu, tena kwa ramani na hati, ila historia yake kwa sehemu kubwa haikuandikwa kutani. Imo katika majina, katika mto na katika vinywa vya wenyeji.

Kwa sababu hiyo, msafiri aliye peke yake ana nafasi bora kuliko kundi. Watu wanaosafiri pamoja huzungumza wao kwa wao, lakini aliye peke yake hana budi kumgeukia mwenyeji na kuuliza. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na hapa dawa anayoileta mgeni ni swali lake.

Mahali pazuri pa kuanzia ni Mto Sosiani, asubuhi, kabla shughuli hazijapamba moto. Msafiri avae sweta, kwani jiji hili liko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na baridi ya alfajiri si ya kufanyiwa mzaha. Akichungulia chini ya daraja ataona mawe mengi yaliyotapakaa mtoni. Mawe hayo ndiyo asili ya jina la jiji, kwa kuwa neno "eldore" la Kimaasai humaanisha mto wenye mawe. Herufi ya mwisho iliongezwa na Wazungu ili jina lifanane na maneno ya Kinandi.

Kabla ya jina hilo kutolewa rasmi mwaka wa 1912, mji ulijulikana kwa nambari. Serikali ya kikoloni ilipopima uwanda wa Uasin Gishu na kuugawa kuwa mashamba, makao ya utawala yaliwekwa katika shamba nambari 64. Wenyeji wakaitamka nambari hiyo ya Kiingereza kwa ndimi zao, ikawa Sisibo. Hadi leo kuna uwanja wa michezo unaoitwa 64, na si kila kijana anayeutaja hujua kwamba anataja nambari ya shamba.

Mashamba hayo yalikuwa ya nani? Wengi wa walowezi wa kwanza walikuwa Makaburu kutoka Afrika Kusini. Kundi lao kubwa, familia 58 zilizoongozwa na Jan van Rensburg, lilishuka Mombasa mwaka wa 1908, likapanda gari moshi hadi Nakuru, kisha likapita misituni na matopeni kwa magari ya kukokotwa na maksai hadi likafika uwandani mwezi wa Oktoba. Vita vyao na Waingereza vilikuwa vimemalizika miaka sita tu iliyotangulia, nao walikuwa wakitafuta ardhi mpya.

Hapa msafiri apunguze mwendo, kwani hadithi ya walowezi kufika katika nchi isiyo na watu husimuliwa mara nyingi mno. Jina lenyewe la Uasin Gishu ni la jamii ya Wamaasai iliyolisha mifugo hapo hadi iliposambaratishwa na vita vya karne ya 19. Kabla yao kulikuwa na watu wanaokumbukwa kwa jina la Sirikwa, walioacha mashimo mapana yaliyokuwa mazizi ya ng'ombe. Wanandi nao walipigana na Waingereza tangu 1895. Kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, aliuawa mnamo Oktoba 19, 1905, na watu wake wakasukumwa katika eneo la hifadhi. Nchi ilionekana tupu kwa sababu wenyewe walikuwa wameondolewa.

Uwanda huu huu nusura uwe na historia nyingine kabisa. Mwaka wa 1903 serikali ya Uingereza ilipendekeza Wayahudi waliokuwa wakiteswa Ulaya wapewe makao hapa. Tume ilitumwa kuikagua nchi, na mwaka wa 1905 kongamano la Wazayuni huko Basel, Uswisi, likalikataa pendekezo hilo. Wenyeji wa uwanda huo hawakuwa na sauti katika maamuzi hayo.

Kutoka mtoni, msafiri aingie katikati ya jiji na kuulizia hadithi ya benki. Husimuliwa kwamba kasha la chuma la kuhifadhia fedha la benki ya kwanza lilianguka kutoka kwenye gari la maksai. Kwa kuwa halikuweza kunyanyuliwa tena, benki ikajengwa kulizunguka. Iwe ni kweli tupu au imetiwa chumvi, hadithi hii hufunza jambo: mji huu ulijengwa kwa haraka, pale mzigo ulipotua.

Majina ya barabara ni kitabu kingine. Barabara ya Uganda inaitwa kwa nchi inakoelekea, nayo imekuwa njia ya malori yanayokwenda Malaba. Reli iliyofika mwaka wa 1924 ilifuata uelekeo huo huo, baada ya kupanda hadi Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Ilileta biashara na watu wa kila asili, na mazao ya uwanda yakapata njia ya kufika pwani.

Mitaa mingine ilipewa majina ya viongozi wa uhuru, kama vile Kenyatta na Ronald Ngala. Msafiri akishangaa jina la Ngala, mtu wa Pwani, linatafuta nini katika Bonde la Ufa, akumbuke kwamba ndiye aliyeongoza chama cha KADU, ambamo Daniel arap Moi alikuwa miongoni mwa vigogo, hadi kilipovunjwa mwaka wa 1964.

Adhuhuri ni wakati wa kupumzika kwa ugali na mursik, yale maziwa yaliyogandishwa katika kibuyu kilichopakwa unga wa makaa. Baada ya hapo msafiri apitie Barabara ya Nandi hadi Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi. Si kivutio cha watalii, wala hapaswi kuingia wodini kutazama wagonjwa. Lakini asimame nje na kujua kwamba hospitali hiyo ilianza mwaka wa 1917 ikiwa na vitanda 60 vya kuwahudumia Waafrika, katika enzi ambapo hata matibabu yalitengwa kwa rangi ya ngozi. Leo ni hospitali ya rufaa ya kitaifa.

Makanisa nayo yana ya kusimulia. Kanisa la Reformed Church of East Africa, lenye makao makuu jijini, lilichipuka kutokana na kazi ya kimisionari ya kanisa la Makaburu. Wengi wa Makaburu wenyewe walihama Kenya ilipokaribia uhuru na baada ya hapo, lakini kanisa lilibaki mikononi mwa Waafrika.

Katika kanisa kuu la Kikatoliki, la Moyo Mtakatifu, maelfu ya watu walipata hifadhi ghasia zilipozuka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Mnamo Januari 1, 2008, watu waliokuwa wamejificha katika kanisa la Kiambaa, nje kidogo ya mji, waliteketezwa humo, wanawake na watoto wakiwa miongoni mwao. Anayeuliza habari hizi aulize kwa upole, kwani anayejibu huenda alifiwa. Chanzo kimojawapo cha uhasama huo ni lile suala la tangu siku za shamba nambari 64: ardhi ni ya nani?

Jioni, Uwanja wa Kipchoge Keino hufaa kuihitimishia siku. Keino alishinda dhahabu ya mita 1,500 jijini Mexico mwaka wa 1968, na ya kuruka viunzi na maji jijini Munich mwaka wa 1972. Tangu hapo wanariadha wa eneo hili wamelipa jiji jina ambalo halikutokana na hati ya mpimaji ardhi, la makao ya mabingwa.

Kuhusu usalama, mgeni ni kuku mweupe. Asionyeshe simu na fedha ovyo, aombe ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, na arudi malazini kabla giza halijaingia. Mvua hunyesha mara nyingi alasiri, kwa hiyo mwavuli ni sehemu ya mzigo.

Mwisho wa siku atakuwa amejifunza mengi, lakini karibu yote kwa kusimuliwa. Hapo ndipo penye hatari. Anayetaka makumbusho ya taifa huelekezwa Kitale, mji mdogo kuliko Eldoret, ambako yamekuwapo tangu 1974. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 475,716 Eldoret, na kila jengo kuukuu linalobomolewa kupisha ghorofa huondoka na ukurasa mmoja, huku wazee wanaoweza kuusimulia wakipungua.

Jiji halihitaji mabilioni ili kuanza. Kibao kimoja chenye sentensi tatu kando ya daraja la Sosiani kingetosha: jina la mji lilitoka wapi, shamba lilikuwa nambari ngapi, na ni akina nani walioishi hapa kabla ya nambari hiyo.