Filtri mpya, jikleri ya zamani: kwa nini pistoni inakaza katikati ya njia

Ukitoka Lubunga, ng'ambo ya kushoto ya mto Kongo, kuelekea Opala kwenye mto Lomami, pikipiki ndiyo inabeba karibu kila kitu: mgonjwa, mchele, bidoni za mafuta ya mawese, hata daftari za shule. Kati yake bado ziko zile Yamaha za zamani, DT 125 na AG 100, zenye injini ya mipigo miwili, ile inayochoma mafuta ya injini pamoja na esansi. Watu wanazipenda juu ni nyepesi na fundi yeyote anaweza kuzifungua. Lakini ni mashine za wazee: ukoo wa DT ulianza mwaka 1968 na DT-1 ya 250 cc, na zile za 125 zikafuata miaka ya 1970.

Uzee huo unaonekana kwanza kwenye hewa. Sanduku la filtri limepasuka, sifongo yake imeoza, na ya asili haipatikani. Fundi anatoa sanduku lote, anafunga filtri ya koni moja kwa moja kwenye kabureta. Pikipiki inanguruma vizuri, motari anafurahi, analipa, anaenda. Halafu siku moja, kwenye mstari mrefu, gasi imefunguliwa yote na mzigo uko nyuma, injini inalia ghafla na gurudumu la nyuma linafunga. Pistoni imekaza. Wengi wanamlaumu Kadhafi, muuza esansi wa chupa kandokando ya barabara. Kuna wakati ni kweli. Lakini mara nyingi kosa lilianza siku ile filtri ilibadilishwa na jikleri ikaachwa vilevile.

Kabureta inafanya nini?

Kabureta haina akili, inafuata mvuto tu. Injini inavuta hewa, hewa inapita mbio kwenye koo nyembamba, pale inapopita mbio nguvu yake ya kusukuma inapungua, na esansi iliyo kwenye kikombe cha chini inapanda kupitia jikleri, kile kipande kidogo cha shaba chenye tundu. Ili esansi iungue vizuri, gramu moja inahitaji karibu gramu 15 za hewa. Chini ya hapo mchanganyiko ni mzito, juu ya hapo ni mwepesi.

Kiwanda kilichagua tundu la jikleri kikihesabu sanduku la hewa. Sanduku linabana pumzi ya injini kidogo, na kubana huko kunaongeza mvuto ndani ya kabureta. Ukilitoa na kuweka koni, mambo mawili yanatokea pamoja: hewa inaingia nyingi zaidi, na mvuto unaoinua esansi unapungua. Tundu ni lile lile. Mchanganyiko unakuwa mwepesi.

Mchanganyiko mwepesi unaunguza pistoni kwa joto kali. Na kwa mipigo miwili iko hatari ya pili. Wengi wamekwisha kutoa pompi ya mafuta, wanachanganya mafuta ndani ya tangi. Hapo esansi ikipungua kwenye silinda, mafuta ya kulainisha nayo yanapungua. Kuongeza mafuta kwenye tangi siyo dawa: mafuta yanachukua nafasi ya esansi, mchanganyiko unazidi kuwa mwepesi.

Kupanga kabureta hatua kwa hatua

Kwanza tafuta mahali hewa inaibwa. Angalia mpira unaounganisha kabureta na silinda. Injini ikiwa kwenye relanti, pulizia maji kidogo pale kwenye mpira. Sauti ikibadilika, kuna tundu. Usiguse jikleri kabla ya kuziba.

Pili ni jikleri kubwa. Hiyo inatawala kuanzia robo tatu ya gasi hadi mwisho, pale ambapo injini inakufa. Panda namba moja au mbili, usiruke mbali. Namba za Mikuni zinapima esansi inayopita, za Keihin zinapima upana wa tundu, kwa hiyo 100 ya huku siyo 100 ya kule. Ni vizuri kuanza na jikleri iliyo kubwa kupita lazima, halafu kushuka polepole. Pikipiki yenye mchanganyiko mzito inakohoa na kutoa moshi, lakini inakurudisha nyumbani. Yenye mchanganyiko mwepesi inakimbia vizuri mpaka inapokaza.

Iko desturi ya kupanua jikleri kwa waya au sindano ya kushonea. Hiyo inaharibu kazi: tundu linakuwa la mviringo mbaya, na namba iliyoandikwa inakuwa uongo kwa fundi anayekuja baada yako.

Tatu ni sindano iliyo ndani ya kabureta, ile inayopanda ukifungua gasi. Inatawala katikati, robo hadi robo tatu, na ndipo motari mwenye abiria anapokaa muda mrefu zaidi. Juu yake kuna mifereji midogo yenye kipini. Ukishusha kipini mfereji mmoja, sindano inapanda na esansi inaongezeka. Ukikipandisha, inapungua.

Nne ni relanti. Kwenye Mikuni nyingi za pikipiki hizi vizi iko upande wa filtri, na hiyo ni vizi ya hewa: ukiifunga esansi inazidi, ukiifungua inapungua. Anza na mzunguko mmoja na nusu kutoka kufunga kabisa, injini ikiwa imepata joto, tafuta pale inapozunguka vizuri zaidi. Ikibidi kuifunga karibu yote ndipo injini itulie, jikleri ndogo ni ndogo mno. Kama vizi iko upande wa silinda, hiyo ni ya esansi na inafanya kinyume.

Kujua bila mashine ya kupima

Njia ya kwanza ni buji. Endesha gasi yote kwenye mstari mrefu usio na watu, kamata ambreyaji na uzime injini palepale, bila kuiacha irudi relanti. Toa buji. Rangi ya kahawa na maziwa ni nzuri. Nyeupe ni hatari. Nyeusi yenye masizi ni nzito.

Njia ya pili: injini ikiwa na joto, vuta kidogo kile kidude cha kuwashia asubuhi. Ikipata nguvu, ilikuwa na njaa ya esansi. Ikizidi kukohoa, ilikuwa imeshiba.

Pia uliza pikipiki ilitoka wapi. Kisangani iko kwenye mita 400 hivi juu ya bahari, Butembo iko zaidi ya mita 1,700. Kule juu hewa ni nyepesi, na mafundi wanaweka jikleri ndogo zaidi. Pikipiki hiyo ikishuka huku bila kubadilishwa, tayari iko na njaa. Ukiongeza na koni, umemaliza.

Vumbi na maji

Shida nyingine ya koni haionekani kwenye buji. Vumbi jekundu la njia yetu linasaga silinda kama msasa. Koni ya kitambaa au sifongo bila mafuta yake inapitisha vumbi hilo. Ioshe kwa maji na sabuni, ikauke kabisa, ipake mafuta kidogo, kamua. Wakati wa mvua koni iliyo wazi inakunywa matope ya gurudumu, na ukivuka kijito inaweza kuvuta maji. Maji hayabanwi ndani ya silinda. Yakijaa humo, mkono wa pistoni ndio unapinda.

Kwa hiyo motari anayekwenda mbali na mji afikiri kabla ya kulitupa sanduku. Lililopasuka linaweza kuunganishwa, na sifongo nzuri inaweza kukatwa kwa kipimo chake. Kazi hiyo inaacha jikleri ya kiwanda mahali pake. Na kama koni imekwisha kufungwa, muulize fundi swali moja kabla ya kulipa: "Jikleri uliweka namba ngapi?" Akikosa jibu, pikipiki isipewe gasi yote mpaka buji imeangaliwa, hasa kama abiria ni mgonjwa.