Teriyaki ya Uchindile: Sosi ya Kijapani kwenye Jiko la Mkaa

Ukiingia supamaketi kubwa yoyote ya Dar es Salaam utaikuta rafu ya sosi za Asia, na kati ya hizo chupa iliyoandikwa teriyaki. Ukitazama bei, na ukikumbuka bumu limebaki shilingi ngapi, unairudisha taratibu na kuendelea na safari yako. Habari njema, ndugu msomaji, ni kwamba huihitaji chupa hiyo. Teriyaki ni kazi ya dakika kumi, na karibu vitu vyake vyote vipo dukani kwa Mangi.

Nimeipika geto mara nyingi. Likizo iliyopita niliipika nyumbani Uchindile, kule milimani ambako reli ya TAZARA inapita ikitoka Mlimba kwenda Makambako. Nyumbani nilikuwa na jambo la ziada la kufikiria: mama yangu ana presha, na zahanati walishamwambia apunguze chumvi. Kwa hiyo makala hii itaeleza mambo mawili: namna ya kuipika sosi hii, na namna ya kuipika bila kumuumiza unayempikia.

Tuanze na jina. Kwa Kijapani, "teri" ni mng'ao na "yaki" ni kuchoma au kukaanga. Kwa maana hiyo teriyaki ni jina la namna ya kupika: unachoma samaki au nyama, unaipaka mchuzi mtamu wenye chumvi, inang'aa. Wajapani hutumia vitu vinne: sosi ya soya, sukari, sake ambayo ni pombe ya mchele, na mirin, pombe nyingine ya mchele iliyo tamu. Ukijua kila kimoja kinafanya kazi gani, utajua kipi unaweza kukibadilisha na kipi huwezi.

Sosi ya soya ndiyo mhimili. Inatengenezwa kwa soya iliyopikwa na ngano iliyokaangwa, vikachanganywa na ukungu maalumu uitwao Aspergillus oryzae, kisha vikaachwa vichachuke kwenye maji ya chumvi kwa miezi. Katika uchachukaji huo protini zinavunjika na kutoa ile ladha nzito inayofanana na ya supu ya mifupa. Mwaka 1908 mwanakemia Kikunae Ikeda wa Tokyo aliitambua ladha hiyo kwenye mwani, akaiita umami. Kitu cha kuziba nafasi ya sosi ya soya sijakipata. Nilinunua chupa ndogo Dar, nikapanda nayo treni. Ukikaza kifuniko na kuiweka mahali penye kivuli, inadumu wiki kadhaa.

Sukari inaleta utamu na ule mng'ao. Maji yakipungua jikoni, sukari inakuwa nzito na kushika kwenye nyama. Hapa watu wa Bonde la Kilombero hatuna shida, maana viwanda vya sukari ni majirani zetu.

Sake na mirin zinaongeza utamu, harufu, na kukata shombo la samaki. Hivi unaweza kuviacha. Mwaka 1976 Mjapani Toshihiro Kasahara alifungua mgahawa wa teriyaki mjini Seattle, Marekani, akaweka sukari badala ya mirin, na chakula hicho kikawa maarufu mji mzima. Mimi naweka maji, limao na tangawizi. Hata wenzetu wasiotumia pombe wanakula, ila wajue kwamba sosi ya soya iliyochachushwa huwa na pombe kidogo ya asili. Asiyeitaka kabisa asome lebo ya chupa kwanza. Na mwenye mzio wa soya au ngano, chakula hiki akiache.

Sasa vipimo, kwa watu wanne:

Sosi ya soya vijiko 4 vya chakula.
Maji vijiko 4.
Sukari vijiko 3.
Maji ya limao au siki kijiko 1.
Tangawizi ya kidole gumba, iliyokwaruzwa.
Kitunguu saumu punje 1, kilichopondwa.

Weka vyote isipokuwa limao kwenye sufuria ndogo, moto mdogo. Koroga mpaka sukari iyeyuke, kisha acha ichemke polepole dakika sita hadi nane. Chovya kijiko: sosi ikishika mgongoni mwa kijiko badala ya kutiririka kama chai, epua, weka limao. Ikipoa itazidi kuwa nzito, kwa hiyo usisubiri iwe kama asali ikiwa bado jikoni. Ukiona bado ni nyepesi, koroga kijiko kimoja cha chai cha unga wa muhogo kwenye maji baridi kidogo, mimina, chemsha dakika moja.

Kwa perege wabichi, wachome kwanza mpaka waive, halafu wapake sosi dakika mbili tatu za mwisho huku ukigeuza. Ukipaka mapema, sukari inaungua kabla samaki hajaiva na unapata uchungu badala ya mng'ao. Kuku wa kienyeji ni mgumu, mchemshe kwanza, na supu yake itumie badala ya maji kwenye sosi. Na kama umeroweka nyama mbichi ndani ya sosi, usiimwage sosi hiyo juu ya chakula kilichoiva bila kuichemsha tena.

Tuje kwenye presha. Kijiko kimoja cha chakula cha sosi ya soya ya kawaida kina takribani gramu 2 hadi 2.5 za chumvi. Vijiko vinne ni karibu gramu 10. Wakila watu wanne sawasawa, kila mmoja anapata kama gramu 2.5. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku nzima, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Sahani moja imeshakula nusu, na hapo bado hujatia chumvi kwenye wali. Kumbuka pia kwamba sosi ikichemka, maji yanaondoka lakini chumvi inabaki palepale. Ndiyo maana sosi inayoonekana sawa mwanzoni inakuwa kali mwishoni.

Kwa mama nilipunguza sosi ya soya kuwa vijiko 2, maji nikaongeza hadi 6, sukari 2, tangawizi na limao mara mbili, na uzito nikaupata kwa unga wa muhogo. Samaki sikuwatia chumvi hata chembe. Wali nao nikaupika mkavu, maji matupu, kama Wajapani wanavyoupika wa kwao. Mama aliuangalia ule wali mweupe wa Ifakara akaniuliza:

"Sasa mwanangu, wali bila chumvi nani ataula?"

"Onja na samaki kwanza, mama."

Akaonja. Akanyamaza kidogo, akaongeza samaki. Baadaye akasema kinachomchosha kwenye presha ni chakula kukosa ladha kuliko hata vidonge, na kwamba hiki kina ladha.

Kwa hesabu, sahani yake ilikuwa na gramu 1 na kidogo ya chumvi. Sosi hii haitibu presha, na dawa zake anaendelea kunywa kama alivyoelekezwa. Lakini tangawizi, limao na ile ladha ya soya vinabeba kazi ambayo kwa kawaida tunaiachia chumvi peke yake. Mwenye kisukari naye apimiwe: vijiko 3 vya sukari kwa watu wanne ni kama vijiko viwili vya chai kwa kila mtu.

Kama huna friji, pika inayotosha siku hiyo. Kama unayo, iweke kwenye chupa safi yenye kifuniko na uimalize ndani ya wiki moja. Na ukienda likizo, kabla hujawasha jiko, uliza kwanza nani nyumbani amekatazwa nini.