Kabla Hujalipia Jeli ya Kidonda, Hesabu Nauli

Umeshuka kwenye bodaboda kwa haraka, upande wa ekzosi, na bomba limekuachia alama kwenye shavu la mguu. Ngozi imebabuka, na sehemu ya ukubwa wa kizibo cha soda imebaki nyekundu, inatoa maji. Jirani anasema paka dawa ya meno. Shangazi anasema yai bichi. Muuza famasi anasema jeli, tena ile ya kwenye kasha, na bei anaitaja huku akiangalia pembeni.

Una hela ya wiki, na kidonda hakisubiri mshahara. Tuamue leo.

Anza na cha bure

Jeraha la moto likiwa bado bichi, dawa ya kwanza ni maji baridi ya bomba, yatiririke juu yake kwa dakika 20. Hata kama saa mbili zimepita, fanya hivyo. Maji yanasaidia ndani ya saa tatu tangu kuungua. Hakuna bomba? Chukua ndoo na jagi, mimina taratibu. Barafu usiweke, inaongeza majeraha kwenye ngozi iliyokwisha kuumia. Dawa ya meno, yai na unga viache vilipo.

Famasi kuna vipakiti vya jeli ya kupoza moto. Vina maana kwa dereva wa lori aliye katikati ya pori bila maji. Kwako wewe uliye hatua kumi kutoka bombani, ni kutupa hela bure.

Unachonunua hasa ni unyevu

Wazee walituambia kidonda kiachwe kipate hewa, kikauke, kifunge kigaga. Mwaka 1962 mtafiti George Winter, wa Uingereza, alilinganisha vidonda vidogo kwenye ngozi ya nguruwe: vingine viliachwa vikauke, vingine vilifunikwa vibaki na unyevu. Vile vyenye unyevu vilijifunika ngozi mpya kwa kasi ya karibu mara mbili. Chini ya kigaga kikavu, ngozi mpya inalazimika kuchimba njia. Penye unyevu inateleza.

Hapo ndipo jeli ilipopata kazi. Jeli ya kidonda, yaani hidrojeli, ni maji mengi yaliyonaswa kwenye wavu mwembamba wa kemikali. Ni jamii ileile ya vitu ambavyo watafiti Otto Wichterle na Drahoslav Lím waliandika habari zake mwaka 1960, vikaja kuzaa lenzi laini za macho. Kwenye baadhi ya jeli, sehemu tisa kati ya kumi ni maji.

Kwa hiyo usitishwe na kasha. Swali lako dukani ni moja: kidonda changu kinahitaji kuongezewa maji, kubaki na maji yake, au kupunguziwa?

Machaguo, kuanzia la bei ndogo

*Mafuta ya mgando na shashi.* Kwa mkwaruzo au kidonda kidogo kisafi, hili ndilo chaguo langu la kwanza. Mafuta hayaongezi maji, ila yanazuia yaliyopo yasikauke, na shashi haigandi. Nunua kopo jipya lisilo na manukato, litenge kwa ajili ya kidonda tu, na uchote kwa kijiko kisafi. Kopo ambalo familia nzima inachovya vidole halifai. Yanapatikana kila duka, na kopo dogo linamaliza kidonda na kubaki.

*Shashi yenye mafuta.* Hii ni shashi iliyokwisha kulowekwa mafuta kiwandani, safi, kila kipande kwenye pakiti yake. Kwa lile jeraha la ekzosi ni chaguo zuri: halinati, halikuumizi wakati wa kubadilisha, na famasi nyingi zinalo. Juu yake unahitaji shashi kavu na bendeji, kwa hiyo ulizia bei ya vyote vitatu kwa pamoja.

*Jeli ya tyubu.* Inafaa kidonda kikavu, au chenye utando wa manjano uliogoma kutoka. Jeli inaulainisha, unaondoka wenyewe. Kidonda kinachotoa maji mengi usikipake. Utakilowesha mpaka ngozi ya pembeni iwe nyeupe kama vidole vya mfuaji nguo. Tyubu pekee haitoshi, lazima uifunike. Na tyubu nyingi ndogo ni za kutumia mara moja: ukishafungua, usafi wa kiwandani umekwisha.

*Kipande cha jeli.* Ni jeli iliyotandazwa kama karatasi nene. Kinapoza, kinatuliza maumivu, na kinaweza kukaa siku kadhaa kulingana na maelezo ya kasha. Bei yake ndiyo inayouma. Kinafaa kidonda cha juujuu chenye maji kidogo.

*Plasta ya hidrokoloidi.* Hii inaingia ikiwa kavu, kisha inageuka jeli ikikutana na maji ya kidonda. Inakaa siku tatu hadi saba, na unaweza kuoga nayo. Ukiibandua utakuta uji wa manjano wenye harufu kidogo. Mara nyingi huo ni mchanganyiko wa plasta na maji ya kidonda, kwa hiyo usikimbilie kudhani ni usaha. Kidonda kikiwa na wekundu unaosambaa, joto au usaha wenyewe, usiibandike.

*Alginati.* Inatengenezwa kwa mwani wa kahawia, na inanyonya maji mengi kabla ya kuwa jeli. Ni ya kidonda kinacholowesha shashi kila baada ya saa chache. Kwa kidonda kikavu ni hasara tupu. Mtu akikuambia ni mwani wa Zanzibar, mwambie asante: mwani unaolimwa kule ni mwekundu, unatoa jeli ya aina nyingine inayotumika zaidi kwenye vyakula na dawa ya meno.

*Asali.* Utafiti unaonyesha asali huponyesha majeraha ya moto ya kiasi haraka kuliko baadhi ya njia za kawaida. Lakini asali ya hospitali huwa imeuliwa vijidudu kwa mionzi. Ya kwenye chupa ya barabarani hujui imechanganywa na nini. Asali nzuri ya Tabora ipake mkate.

*Krimu nyeupe ya silva.* Wengi wanapewa hii kwa kila jeraha la moto. Inataka kusafishwa na kupakwa upya kila siku, na majeraha yanayotibiwa nayo yameonekana kupona polepole kuliko yanayofunikwa kwa vifaa vya kisasa. Kama daktari amekuandikia kwa sababu yake, fuata. Kama unachagua mwenyewe kwa jeraha dogo, anza na shashi yenye mafuta. Mwenye mzio wa dawa za salfa aiepuke kabisa.

Hesabu ambayo kasha halikuonyeshi

Bei za Kariakoo si za Mbagala, na za Mbagala si za Sumbawanga, kwa hiyo namba hizi ni za mfano tu. Weka za kwako.

Tuseme kidonda kitachukua siku 14. Njia ya kwanza: shashi kavu, kila siku unakwenda zahanati kusafishwa. Vifaa shilingi 1,500, huduma 3,000, nauli ya kwenda na kurudi 2,000. Jumla 6,500 kwa siku, yaani 91,000 mpaka mwisho.

Njia ya pili: plasta ya hidrokoloidi ya shilingi 15,000, inayobadilishwa kila baada ya siku tatu. Ukiongeza huduma na nauli, kila safari ni 20,000. Safari tano, 100,000. Shashi imeshinda kwa 9,000.

Sasa hamisha nyumba. Nauli iwe 6,000 badala ya 2,000. Shashi inakuwa 10,500 kwa siku, jumla 147,000. Plasta ni 24,000 kwa safari, jumla 120,000. Plasta ya "ghali" imekuokolea 27,000, na bado sijahesabu siku za kazi ulizopoteza kwenye benchi.

Njia ya tatu, kwa kidonda kidogo ambacho mhudumu amekiona na kukuruhusu ukihudumie nyumbani: kopo la mafuta ya mgando 3,000 na shashi ya 1,500 kwa siku. Siku 14, shilingi 24,000.

Kanuni ni hii: kadiri unavyokaa mbali na zahanati, ndivyo kifaa kinachokaa siku nyingi kinavyokuwa rahisi. Ukikaa jirani, au ukiweza kujihudumia mwenyewe, hela ya jeli ibaki mfukoni.

Mahali hela inapovujia

Kifuniko cha juu. Tyubu ya jeli bila shashi, bendeji na plasta ni nusu ya bidhaa. Ulizia jumla.

Nusu kipande. Kuna muuzaji atakukatia kipande cha jeli kwa mkasi wa dukani akuuzie nusu. Kataa, usikubali. Pakiti ikishafunguliwa, usafi umekwisha, na hicho kinakwenda juu ya nyama mbichi.

Tarehe na jua. Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi. Kasha lililopauka kwa kukaa dirishani liache. Jeli iliyokauka pembeni au pakiti iliyotuna, rudisha.

Dawa ya kusafishia. Kidonda kidogo hakihitaji spiriti wala chupa ya iodini kila siku. Maji safi ya kunywa yanatosha. Ukitaka ya chumvi, chemsha nusu lita ya maji, weka kijiko kimoja cha chai cha chumvi, yapoe, yatumie siku hiyohiyo.

Bima. Kabla ya kulipa taslimu, uliza kama kadi yako inalipia vifaa vya kufungia kidonda au inalipia kumuona daktari tu. Dai risiti. Na ulizia kama bidhaa imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, hasa kama umeiona inauzwa kwa simu.

Kuhusu upatikanaji: mafuta na shashi vipo hadi duka la dawa muhimu la kijijini. Hidrokoloidi na alginati zitafute famasi kubwa za mjini, hasa jirani na hospitali za rufaa, na upige simu kwanza. Usianze tiba ya plasta ambayo duka lina moja tu.

Ukiteguka, jeli ni nyingine

Kifundo cha mguu kimevimba baada ya mpira. Famasi watakuonyesha mfuko wa jeli wa kugandisha. Ni mzuri, unarudiwa mara nyingi, lakini unataka friza na umeme usiokatika. Huna? Chupa ya maji iliyoganda, ya duka la jirani, izungushie khanga na uiweke dakika 15 hadi 20. Kazi ni ileile. Mifuko ya kupasua inayopoa papo hapo ni ya mara moja tu. Iachie timu zenye mfadhili.

Jeli ya diklofenaki inasaidia kweli kwa teguko, na inaingia kwenye damu kidogo kuliko vidonge. Lakini hesabu gramu. Ukipaka gramu 2 mara tatu kwa siku, unatumia gramu 6. Tyubu ya gramu 20 inakwisha siku ya nne, na wiki moja inataka gramu 42. Linganisha bei kwa gramu. Tyubu kubwa mara nyingi ndiyo nafuu. Usiipake kwenye ngozi iliyochubuka. Mjamzito, mwenye pumu au vidonda vya tumbo aulize kwanza.

Jeli za kuchua zenye ubaridi wa minti zinakufariji. Nunua ndogo.

Na kovu?

Jeli ya silikoni ni ya kidonda kilichokwisha kufunga. Inataka uvumilivu: saa 12 au zaidi kila siku, kwa miezi miwili mitatu angalau. Hapo bei ya tyubu moja inakudanganya, kwa sababu utanunua kadhaa. Kipande cha silikoni kinachooshwa na kurudiwa kinaweza kuwa nafuu zaidi. Kama ngozi yako ina tabia ya kuota makovu makubwa, muone daktari kabla ya kutumia hela. Mara nyingi silikoni peke yake haitoshi.

Usinunue chochote, nenda hospitali

Moto uliochukua eneo kubwa kuliko kiganja cha aliyeungua, au ulio usoni, mikononi, nyayoni, kwenye viungo au sehemu za siri. Ngozi iliyogeuka nyeupe au ngumu na haisikii maumivu. Mtoto mdogo. Umeme na tindikali. Kuumwa na mnyama. Homa, usaha, wekundu unaopanda. Kidonda kichafu au kirefu, ukiwa hukumbuki chanjo ya pepopunda ulichoma lini. Kidonda kisichofunga baada ya wiki mbili.

Mwenye kisukari aliye na kidonda mguuni asibahatishe hata siku moja. Na kidole kilichokauka kikawa cheusi usikipake jeli: kikilowana kinaweza kuoza.

Uamuzi kwa ufupi

Kidonda kidogo na hela kidogo: mafuta ya mgando na shashi. Jeraha la ekzosi: maji dakika 20, kisha shashi yenye mafuta. Kidonda kikavu chenye utando: tyubu ya jeli, baada ya mhudumu kukiona. Kidonda kisafi na zahanati iko mbali: hidrokoloidi. Kinachobubujika maji: alginati, kwa ushauri wa mhudumu.

Na bodaboda nyingi zina ekzosi upande wa kulia. Kushukia kushoto hakuongezi nauli.