Klachi ya Mkono na Klachi ya Otomatiki: Ipi Ifaayo Nchi ya Vilima?

Katika nchi ya Kasulu na Kibondo, mizigo iliyokuwa ikichukuliwa kichwani au kusukumwa kwa baisikeli siku hizi hupelekwa kwa pikipiki. Mwalimu huiendea shuleni, mkulima hupakia gunia la maharage, na vijana wengi hupata riziki kwa kuchukua abiria, kazi iliyowekewa kanuni zake na Serikali mwaka 2010. Lakini mtu aendapo dukani kununua, huuliza bei na rangi, wala haulizi habari za klachi. Nasi twaona kwamba jambo hilo lapasa kuulizwa mapema, kwa kuwa katika miteremko yetu ndilo liwezalo kumwokoa mtu au kumpoteza. Basi twapenda kuwaeleza wasomaji wetu, hasa wazee, walimu na viongozi wa vijiji, ambao hutakwa shauri na vijana.

Kwanza tujue klachi ni nini. Injini haiwezi kusimama pamoja na gurudumu, ikisimamishwa, huzima. Kwa hiyo kati ya injini na gurudumu huwekwa kitu cha kuviunganisha na kuvitenganisha, nacho ndicho klachi. Zote hufanya kazi hiyo moja. Tofauti yake ni hii: ni nani aamuaye saa ya kuunganisha na saa ya kutenganisha?

Katika klachi ya mkono mwamuzi ni mwendeshaji. Ndani yake mna sahani zilizobanwa pamoja kwa springi. Mkono wa kushoto ukivuta, waya huzitenganisha sahani. Ukiachia polepole, hushikana tena. Pikipiki nyingi za biashara tuzionazo barabarani ni za namna hii. Hata baisikeli za kawaida zilizofungwa mota ndogo nyingi zina klachi ya mkono: mtu hukanyaga pedeli kwanza, kisha huachia klachi, na injini huwaka.

Katika klachi ya otomatiki mwamuzi ni mwendo wa injini yenyewe. Mna vipande vizito vilivyofungwa kwa springi. Injini ikizunguka polepole, vipande hukaa ndani. Ikizidishwa mafuta, hutupwa nje kama jiwe la teo livutavyo kamba, navyo hushika ngoma iliyovizunguka, na chombo huenda. Namna hii imo katika skuta na katika baadhi ya baisikeli za mota.

Iko na namna ya tatu, iliyo katikati. Mwaka 1958 kampuni ya Honda ya Japani ilitoa pikipiki iitwayo Super Cub, yenye gia za kubadilishwa kwa mguu, lakini isiyo na klachi ya mkono. Nia yake ilikuwa mtu aweze kuiendesha kwa urahisi, hata mchukuzi wa chakula ambaye mkono wake mmoja una kazi nyingine. Watu waliipenda mno, hata kufika mwaka 2017 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 100.

Basi ipi ifaayo kwetu? Tutazame kwanza kupanda. Mwenye gunia nyuma yake akifika kwenye kilima kirefu cha udongo mwekundu, mwendo wa injini hupungua. Klachi ya otomatiki isiyo na gia hapo hushika nusu na kuteleza nusu. Msuguano huleta moto, harufu ya kuungua husikika, na vipande huliwa upesi. Mwenye klachi ya mkono huweka gia ndogo, akaiachia klachi ishike kabisa, akapanda. Mzigo ukimshinda, injini huzima, naye hujua mara moja kwamba amepakia kupita kiasi.

Lakini jambo kubwa zaidi ni kushuka. Ziwa Tanganyika liko kadiri ya mita 770 juu ya bahari, na mji wa Kasulu uko juu ya mita 1,200. Kwa hiyo mtu atokaye Kasulu kwenda Kigoma hushuka zaidi ya mita 400, mbali na vilima na mabonde ya njiani. Akitegemea breki peke yake, ngoma za breki hupata moto, na breki iliyopata moto hupoteza nguvu zake. Mwenye gia ndogo, naye hakuvuta klachi, husaidiwa na injini: gurudumu huilazimisha injini kuzunguka, na injini hulizuia gurudumu. Skuta haina gia ndogo ya kuchagua, tena mwendo ukipungua klachi yake huachia, na chombo hubaki katika breki tu. Pikipiki za mfano wa Super Cub huweza kuzuiwa na injini, maadamu zimo katika gia na mguu haukukanyaga pedeli ya gia.

Msomaji aweza kujaribu mwenyewe kabla ya kutoa fedha zake. Injini ikiwa imezimwa, aweke gia, kama ipo, bila kuvuta klachi, kisha asukume chombo mbele. Kikikaza, injini itamsaidia mteremkoni, na siku kiki ikikataa ataweza kukiwasha kwa kusukuma. Kikienda kwa wepesi, ajue kwamba huenda asipate msaada huo.

Hatusemi kwamba otomatiki ni mbaya. Yamfaa mtu aendaye peke yake mjini penye barabara tambarare, asimamaye mara kwa mara, au mwenye udhaifu wa mkono wa kushoto. Lakini kwa mwenye kuchukua abiria na magunia kati ya vijiji vyetu, wakati wa kiangazi na wa mvua, twashauri klachi ya mkono. Yataka siku kadha za kujifunza, nayo yafaa kujifunzwa uwanjani, si barabarani na abiria mgongoni.

Tena klachi yataka kutunzwa. Katika pikipiki nyingi ndogo mkono wa klachi huachwa ucheze kidogo kabla haujaanza kuvuta, kadiri ya milimita 10 hadi 20. Usipocheza kabisa, sahani hazishikani vema, nazo huungua. Hali kadhalika oili iwe ya pikipiki, yenye alama JASO MA. Baadhi ya oili za motakaa huzifanya sahani ziteleze.

Mwisho, iko desturi moja ambayo yafaa ikomeshwe. Baadhi ya waendeshaji, wafikapo mteremkoni, huzima injini au huondoa gia ili kuokoa petroli. Mtu afanyaye hivyo amenunua klachi nzuri, kisha ameitupa mahali pale pale anapoihitaji. Petroli aliyookoa ni ya shilingi chache, na nyuma yake pengine ameketi mama na mtoto. Wazee, walimu na viongozi wawaambie vijana neno hili katika mikutano na shuleni: kilima ulichokipanda kwa gia ndogo, kishuke kwa gia ndogo.