Jirani wa miadi: Wenye nyumba za magurudumu wanavyokutana kila Oktoba

Kila Oktoba nikituma picha Mombasa, dada yangu huniuliza swali lile lile: "Hao wazee waliokaa duara mbele ya mabasi ni nani, na wewe wafanya nini hapo katikati?" Nimemjibu kwa simu mara nyingi. Leo najibu kwa maandishi, maana wako na wengine wanaouliza, na ndani ya jibu mna jambo linalotuhusu sisi watu wa Pwani tuliotawanyika.

Tuanze na hayo "mabasi". Huku Marekani kuna watu wanaosafiri na nyumba zao. Wengine wana gari kubwa mfano wa basi, na ndani yake mna kitanda, jiko, choo na bafu. Wengine wana trela inayovutwa na pikapu. Wenyewe huziita RV. Mimi nitaziita nyumba za magurudumu. Wapo wanaozitumia wiki mbili kwa mwaka, na wapo waliouza nyumba zao za matofali wakahamia humo kabisa, hasa wastaafu.

Huyu wa pili hana mtaa. Leo yuko Maine, mwezi ujao yuko Tennessee. Hata barua zake zahitaji mtu wa kuzipokea. Kwa ajili hiyo kuna vyama. Kimoja chaitwa Escapees, kilianzishwa mwaka 1978 na mume na mke, Joe na Kay Peterson, na makao yake yako Livingston, Texas. Miongoni mwa kazi zake ni kuwapokelea wanachama barua na kuwafikishia popote walipo. Wamarekani weusi nao wana chama chao cha kitaifa, NAARVA, chenye mikutano yake ya kila mwaka.

Sasa, mtu asiye na mtaa huonana vipi na wenzake? Huonana kwa msimu. Mtu wa Pwani hili halimpi taabu kulielewa. Majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalikuja kwetu na kaskazi yakarudi na kusi, na mabaharia waliopoteana mwaka mzima walijua watakutana bandari gani na lini. Wasafiri hawa nao wana pepo zao. Wakati wa joto hupanda kaskazini na milimani. Baridi ikikaribia hushuka kusini, Florida, Texas au Arizona, kwani maji yakiganda ndani ya mabomba ya nyumba ya magurudumu, mabomba hupasuka. Oktoba ndiyo njia panda: wengi wameanza kushuka, shule zimefunguliwa kwa hivyo siku za kazi kambi hupumua kidogo, mchana si joto, na majani yamegeuka rangi.

Kwetu vuli ni mvua, kwao vuli ni majani. Siku zikifupika na baridi kuingia, miti huacha kutengeneza klorofili, ile rangi ya kijani inayonasa nguvu za jua. Kijani kikiondoka, manjano iliyokuwamo ndani ya jani tangu mwanzo huonekana. Ni jamii moja na rangi inayoipa karoti sura yake. Nyekundu ni habari nyingine: baadhi ya miti huitengeneza upya wakati huo huo, kutokana na sukari iliyobaki ndani ya jani. Aliyekulia karibu na mkungu amewahi kuokota jani jekundu lililoanguka uani. Basi fikiria mlima mzima umekuwa mkungu kwa wiki mbili.

Mahali petu ni Shenandoah, hifadhi ya taifa katika jimbo la Virginia, juu ya milima ya Blue Ridge. Kutoka Maryland ninapoishi ni safari ya asubuhi moja. Barabara yake, Skyline Drive, hupita juu ya mgongo wa milima kwa maili 105, yaani kama kilomita 169, na mwendo hauruhusiwi kuzidi maili 35 kwa saa. Rangi hukolea zaidi kuanzia katikati hadi mwisho wa Oktoba. Sisi hulala Big Meadows, kwenye maili ya 51, takriban futi 3,500 juu ya usawa wa bahari. Kambi hiyo ina nafasi zaidi ya 200, lakini haina umeme wala bomba la kuunganisha kwenye gari. Kila mtu huja na maji yake tangini, betri yake, na tangi la maji machafu ambalo hulimwaga mahali palipotengwa.

Kukutana hapo hakutokei kwa bahati. Nafasi hufunguliwa kwenye tovuti ya serikali miezi sita kabla. Maana yake anayeitaka Oktoba hukaa mbele ya kompyuta mwezi wa Aprili, saa ile ile nafasi zinapofunguliwa, kwani wikendi za majani huisha upesi. Kundi letu halikodi uwanja mmoja. Kila mwenye gari hujipatia nafasi yake, tukijaribu zikaribiane, kisha twapeana namba za viwanja.

Halafu kuna kupima. Karibu na maili ya 32 kuna handaki la Marys Rock, lililochongwa ndani ya jabali, na kimo chake ni futi 12 na inchi 8. Nyumba za magurudumu si chache ambazo, ukihesabu na kiyoyozi cha juu ya paa, hukaribia kipimo hicho au hukipita. Mwenye gari refu huingilia lango la Swift Run, kusini ya handaki. Asiyejua urefu wa gari lake hujifunza kwa kishindo.

Ada ya kuingia ni dola 30 kwa gari, nayo hutumika siku saba. Raia au mkazi wa kudumu aliyetimiza miaka 62 aweza kununua kadi ya maisha kwa dola 80, ambayo pia humpunguzia nusu ya ada ya kulala katika kambi nyingi za taifa. Kwa mstaafu anayeishi njiani, kadi hiyo ni mali.

Kuni hazichukuliwi kutoka nyumbani ila zile zilizokaushwa kwa moto na kuthibitishwa, kwa sababu ndani ya gogo wadudu waharibifu husafiri kutoka msitu mmoja hadi mwingine. Chakula hakiachwi nje, maana dubu weusi wapo na pua zao ni kali. Jenereta huwashwa kwa saa maalumu tu. Usiku kambi hunyamaza, na baridi yake, kwa mtoto wa Mombasa, ni ya kulala na soksi mbili.

Mwaka wa kwanza nilialikwa na jirani yangu na mkewe, nikaenda na hema kwa sababu nyumba ya magurudumu sina. Nilikuwa na wasiwasi, si uongo. Mimi mweusi, Mwislamu, Mkenya, nikae wiki msituni na watu nisiowajua? Jioni ya kwanza kila nyumba ilileta sahani yake mezani. Nilipouliza kuhusu nyama, mzee mmoja aliondoka bila neno, akarudi na vipande vya karatasi, akaandika kwenye kila chungu kilichomo: huu una nguruwe, huu hauna. Tangu mwaka huo vile vikaratasi vimekuwa desturi, na vimewafaa hata wasiokula maziwa. Mimi huleta mbaazi za nazi na mahamri niliyoyapika nyumbani. Chungu changu hurudi kitupu.

Katika kundi hilo yumo mama mmoja mjane, umri wake yapita sabini na tano, anayesafiri peke yake. Mimi humwita Bibi, na akijua maana yake hucheka. Asubuhi ya pili niliona jirani akitazama dirisha la trela yake kila alipopita. Nikauliza. Nikaambiwa ni mapatano: saa mbili asubuhi pazia likiwa bado limefungwa, mtu agonge mlango. Bibi mwenyewe ndiye aliyeyaomba mapatano hayo. Alisema aliogopa kitu kimoja tu katika maisha ya njiani, kufa kambini na watu wapite wakidhani amelala.

Nilikaa na maneno hayo. Mji wa Kale pazia likichelewa kufunguka, nani angehitaji kupatana? Mwenye baraza ya mbele angeuliza, muuza kahawa angeuliza, mtoto angetumwa. Hawa waliuacha mtaa, kwa hiari au kwa dhiki, ikawabidi kuujenga upya kwa kalenda na namba za viwanja. Na wameujenga.

Siku ya tatu mzee wa vile vikaratasi, mstaafu wa posta na mweusi kama mimi, alinichukua maili sita kusini, hadi Lewis Mountain, kambi ndogo kuliko zote humo. Alitaka nijue nimekalia wapi. Hifadhi ilianzishwa rasmi mwaka 1935, na Rais Roosevelt akaizindua Big Meadows mwezi wa Julai 1936. Kabla ya hapo mamia ya familia za milimani zilitolewa katika ardhi zao ili msitu uwe wa wageni. Makaburi yao yangali humo. Na ilipofunguliwa, ilikuwa ya wazungu kwanza. Lewis Mountain ilifunguliwa mwaka 1939 kuwa sehemu ya weusi, na kibao kikisema hivyo. Ubaguzi huo ulikomeshwa kabisa kufikia mwaka 1950. "Ndiyo sababu naja," aliniambia. "Baba yangu angewekwa huku." Kisha tukarudi Big Meadows, akaketi duarani kwenye kiti chake.

Kwa hivyo dada, hao ndio wale wazee. Si ndugu, hawakusoma pamoja, dini zao mbalimbali na siasa zao, nakuhakikishia, mbalimbali zaidi. Wanachoshirikiana ni tarehe. Asiye na mahali pamoja hana budi kuwa na wakati mmoja.

Hapo ndipo nilipojitazama. Familia yetu iko Mombasa, Maskati, London na huku. Kwa miaka tumeonana penye arusi na matanga, na arusi zenyewe nyingi tumeziona kwa simu. Mjomba wetu alipofariki nilikuwa nimeshamwambia mara nne, "Mwakani, inshallah." Sikuwa mwongo, lakini sikuwa na tarehe. Nilikuwa nimelitumia neno la Mungu kufunika uzembe wangu. Inshallah huja baada ya miadi, haikai mahali pa miadi.

Wapo watakaosema sisi hatuhitaji mambo ya Wazungu ya kupangiana siku, kwamba nyumba ya mzazi iko wazi mwaka mzima. Ni kweli, iko wazi. Lakini mmoja huja Disemba, mwingine Julai, mwingine Ramadhani, na mama huwapokea mmoja mmoja, wala hajawaona wanawe wote sahani moja. Kila mmoja akirudi anasema amefika nyumbani, na hakuna aliyemkuta mwenzake.

Basi tumefanya kama wenye nyumba za magurudumu. Tulipigiana simu sote, tukatafuta wiki ambayo shule zimefungwa Kenya, Omani, Uingereza na huku. Agosti ilipatikana. Tukachagua wiki ya pili, tukaandika, na kila mmoja akabeba jambo lake: huyu tiketi ya mama mdogo kutoka Maskati, yule magodoro, mwingine mchele. Atakayeshindwa atashindwa, lakini wiki itabaki pale pale mwakani na mwaka wa pili.

Mwezi wa Aprili nilikaa mbele ya kompyuta nikapata uwanja Big Meadows, viwanja vitatu kutoka kwa Bibi. Jioni ya siku hiyo hiyo nililipia tiketi ya Mombasa. Dada, picha za Agosti hutahitaji kuniuliza waliokaa duara ni akina nani.